Kidaftari cha Padri Kiwandani

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, padri wa shirika linalotembelea wafanyakazi aliingia kiwandani kwetu Mbinga. Sisi tunaochambua kahawa, kutoa punje mbovu, tuliinamia meza zetu. Wenzetu wawili walikuwa wamesimamishwa kazi, na padri huyu kila akiongea na mtu huandika kwenye kidaftari.

"Shikamoo, Baba. Humo unatuchongea kwa meneja?" mama mmoja aliuliza, mkono kiunoni.

"Marahaba. Soma mwenyewe, mama."

Akasoma kwa sauti. Yalikuwa majina ya marehemu wetu, ya kuombewa Jumapili. La tatu lilikuwa la mume wangu. Padri aliponiuliza safari iliyopita, nilimtajia jina hilo shingo upande.

Tumezoea mno kutafuta punje mbovu. Ee Mungu, mpumzishe mume wangu, pamoja na wote wa kidaftari kile.