Babu Aliyegoma Kusema Mbili

Wiki iliyopita nilipanda treni mpaka Norsborg, mwisho kabisa wa laini nyekundu, nikapite tu chini ya dirisha letu la zamani. Sikuwa na shida yoyote huko, ni moyo ulionituma. Pale uani watoto wa siku hizi walikuwa wanacheza kujificha. Mmoja ameegemea mlango wa chumba cha kufulia, kafumba macho, anahesabu kwa Kiswidi, ett, två, tre, anazikimbiza namba kama anafukuzwa. Nikacheka peke yangu. Kwetu, rafiki yangu, ukimpa babu zamu ya kuhesabu umeula wa chuya. Alikuwa anasema "moja", halafu ananyamaza. Utakaa nyuma ya mapipa ya takataka mpaka vidole vife ganzi kwa baridi, na mbili haiji.

Babu hakuhesabu kwa sauti, hata viazi dukani. Aliviangalia, akatikisa kichwa, akafunga mfuko. Bibi alisema ni ukaidi wa kuzaliwa nao. Si kweli, ukaidi ule ulikuwa na siku yake, na sisi watoto tuliijua siku hiyo kuliko tulivyojua masomo ya shule.

Babu alikuwa karani wa Wabelgiji, kule mashariki ya Kongo. Nasema wazi, na atakayenuna anune. Zamani hizo kila familia ililazimishwa kulima pamba, na aliyeacha shamba lake limejaa majani alilazwa chini asubuhi mbele ya bendera, akapigwa fimbo. Askari alipiga, karani alihesabu. Utaratibu wao ulikuwa kwamba askari hashushi mkono mpaka karani ataje namba. Siku moja akalazwa mzee mwenye kikohozi. Babu akasema moja, fimbo ikashuka. Askari akanyanyua tena, akangoja. Babu akafunga mdomo. Bwana Mkubwa, Mbelgiji aliyetawala eneo lile, akafoka hadi mate yakaruka, na babu kimya. Mkono wa askari ulibaki juu mpaka ukaanza kutetemeka.

Wakamshitaki kwa kukosa utii. Kesi ile tuliicheza jikoni kwetu Jumamosi nyingi sana, bibi akiwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Chini ya kinu aliweka zulia lililokunjwa, kwa sababu jirani wa chini alikuwa na tabia ya kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Harufu ya mawese ilikuwa imeshika hata makoti yetu ya shule. Mimi nilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo ndimi niliyekuwa Bwana Mkubwa. Kifaransa sikukijua, basi nikawa Mbelgiji wa Kiswidi. Hiyo ndiyo lugha niliyosikia watu wa ofisi ya wahamiaji wakiwauliza wazazi wangu maswali. Namuuliza babu kwa ukali kwa nini hakutii. Babu anaweka mwiko mezani, anasimama wima, mikono nyuma.

"Bwana, mliniamuru nihesabu. Nimehesabu. Moja nayo ni hesabu. Anayetaka mbili aiseme mwenyewe."

Hapo tulikuwa tunapiga makofi, na jirani anapiga dari. Wabelgiji hawakupiga makofi. Walimtia ndani, kisha wakamfukuza kazi, akarudi kwao kwa miguu na sanduku lake la bati kichwani. Babu alisimulia habari ya sanduku akicheka. Nilikua nikiamini kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kushinda kesi kama babu yangu, hata kama alishindwa.

Halafu ukaja msimu wa baridi wa posa ya shangazi. Shangazi alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na alikuwa ananisuka nywele Jumapili jioni, ananibana kichwa katikati ya magoti, ananisimulia mambo ambayo mama alikuwa hataki niyasikie. Kijana wake alitoka mji wa Södertälje, anaunga malori kiwandani, mtu mpole, anavua kofia hata kwenye lifti. Shangazi aliniambia wazi, "Nikimkosa huyu, mimi basi." Nilikuwa darasa la nne tu, lakini nililielewa neno hilo, na nilimpenda shangazi vibaya sana.

Siku ya posa waliingia wakipangusa theluji, wamebeba nyama ya mbuzi kwenye mifuko, tukaiweka barazani iwe kwenye baridi. Tangu alfajiri mama na bibi walikuwa wamepika: bugali, sombe, samaki wakavu, mchele kwa ajili yetu watoto tusiopenda bugali. Lakini desturi yetu ni kwamba wageni wa posa hawagusi chakula mpaka neno limeisha. Mezani vyungu vimefunikwa, na tumbo langu linalia.

Baba mdogo, msemaji wetu, alikuwa bado anawakaribisha wageni pale mama wa kijana alipoinua mkono. Alikuwa mwanamke mfupi, kajifunga kitambaa cha kijani, hakuwa amevua koti.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Kabla hatujala, nauliza. Mzee, wewe si ndiye karani wa kule kwenye pamba?"

"Ni mimi," babu akajibu.

"Baba yangu alilazwa pale. Nilikuwa mtoto, nimeshika nguo ya mama. Nilisikia sauti yako ikihesabu mpaka mwisho. Nimeijua tangu mlangoni, uliposema karibuni."

Baba mdogo akaanza, "Mama yetu, hayo ni ya kale," babu akamzuia kwa kiganja. Shangazi alikuwa mlangoni mwa jikoni na sahani mikononi. Mimi nikawa nangoja babu aseme lile jibu lake la jikoni. Nilikuwa na hakika atamshinda huyu mama kama alivyowashinda Wabelgiji. Kumbe mimi nilijua asubuhi moja tu. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anafanya nini asubuhi nyingine.

Babu akasema, "Wabelgiji walinishitaki kwamba sikuwatii. Wewe unanishitaki kwamba niliwatii. Wao niliwajibu. Wewe sina jibu la kukupa. Nilihesabu, na sauti ni yangu. Lakini siku ile niliyonyamaza nayo ni yangu, haninyang'anyi Mbelgiji wala huninyang'anyi wewe. Na binti yangu usimpige fimbo zangu. Mwenye deni hilo ni mimi, na mimi nipo hapa."

"Karani hakosi maneno," yule mama akasema. "Siku hiyo unayojivunia mimi sikuwepo, nilisimuliwa tu, tulikuwa tumeshahama. Nilizisikia zile nyingine zote. Nataka niisikie na hiyo."

Babu, ambaye hakuwa anahesabu hata viazi, akainuka kwenye kochi. Akasimama wima, mikono nyuma, vilevile kama Jumamosi zetu. Safari hii hakuna mtoto aliyecheka.

"Moja," akasema.

Akanyamaza. Nilisikia friji ikiunguruma, nikasikia lifti ikishuka. Mimi Bwana Mkubwa nilibana midomo kwa meno. Yule mama alikuwa amefumba macho, mabega ameyapandisha, kama mtu anayengoja kitu kimshukie mgongoni. Tulikaa hivyo mpaka mabega yakaanza kushuka yenyewe, taratibu. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akavua koti, akampa mwanawe alishike, akafunua chungu cha sombe.

"Chakula kimepoa," alimwambia shangazi. "Pasha, mwanangu."

Shangazi anaishi Södertälje mpaka leo, na watoto wake ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi. Babu tulimzika huku huku, ardhi ikiwa ngumu, na yule mama alisimama mbele kabisa, karibu na bibi. Siku hizi posa tunafanyia ukumbi wa kukodi, kuna maikrofoni, watu wanakula kwanza kisha wazee wanasema mambo matamu ambayo hakuna anayeyasikiliza. Neno zito halisemwi tena, eti tusiharibu sherehe. Kinu cha bibi sijui kilikwenda wapi. Sombe tunainunua imeshasagwa, imegandishwa kwenye mfuko, na jirani wa chini hana tena sababu ya kugonga dari. Nimemkumbuka hata yeye.

Pale uani yule mtoto alifika kumi, akaondoka mbio kuwatafuta wenzake. Mimi nikaegemea mlango ule ule wa kufulia, mtu mzima na mkoba wangu wa kazini, nikafumba macho. Nikasema "moja" kwa sauti, kwa Kiswahili. Mwanamke mmoja aliyepita na kapu la nguo akasimama, akanitazama, akawa anangoja.

Anayetaka mbili aiseme mwenyewe.