Mama alivyomsubiri kaka yangu Yakobo kwenye kitabu cha Kilatini

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Hili ni la nyumbani kwetu, sijatia chumvi hata punje.

Mimi ni wa Sepuka, Singida. Kaka yangu Yakobo alipanda treni Itigi kwenda kutafuta kazi nikiwa darasa la pili. Hakutuma hata barua.

Baadaye tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa. Mama akagoma. Hofu yake ilikuwa moja: Yakobo akirudi akute mahame, atatufuata wapi?

Tukahamishwa hivyo hivyo.

Mama akaenda kulia kwa padri. Padri akamweleza utaratibu ambao wengi humu hamuujui. Mkatoliki akifunga ndoa popote, parokia ile huandikia parokia alikobatizwa, na habari hujazwa kwenye kitabu cha ubatizo, pembeni ya jina lake.

Sasa kitabu chenyewe Kilatini. Yakobo wetu kaandikwa Iacobus. Padri akatufafanulia kwamba Waebrania walisema Yaakov, mshika kisigino, Wagiriki wakasema Iakobos, Warumi wakachukua Iacobus. Baadaye wakasema pia Iacomus, ndiko Waingereza walikopata James.

(Kina James humu, msijidai wazungu. Ni kina Yakobo wenzetu.)

Mama hakujua kusoma, ila neno Iacobus alilitambua kwa macho. Kila mwaka baada ya mavuno tulitembea mpaka misheni, padri anafungua, mama anatazama pembeni ya jina. Peupe. Tunarudi nyumbani. Nilimkumbuka kaka mpaka nikaanza kumchukia.

Mwaka wa tano tukakuta wino. Padri akasoma: kafunga ndoa Tabora.

Mama akakaa kwenye benchi. Akauliza, "Baba, na salamu yangu ipo?"

Padri akasema barua imeleta majina na tarehe tu.

"Haya. Kumbe ni mzima."

Akaweka kidole juu ya Iacobus, akakiacha hapo. Padri hakufunga kitabu mpaka mama alipokiondoa mwenyewe.

Tuliiandikia parokia ya Tabora. Jibu likaja kwamba kahama na mkewe, hawajui kaelekea wapi. Mama tulimzika bila Yakobo, na mimi bado natamani kumwona kaka yangu, mzee mzima hivi.

Mliopotelewa na ndugu, semeni hapa, mlimtafutaje?

Na wewe uliye mbali, unayeona aibu kurudi kwa sababu huna kitu, tuma salamu. Mama yangu hakuulizia kingine.