Baba Makochi na Neno Basi

Fundi wa makochi, jirani yangu wa kazi, ana tabia moja mbaya: huweka misumari mdomoni. Hujaza shavu zima, kisha huitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo ikigonga. Ukimsemesha wakati huo hupati zaidi ya neno moja. Sponji limetosha? "Basi." Mteja amebembeleza bei mpaka imefika chini? "Basi." Mimi nauza vitambaa mlango wa pili, na kila siku namwambia, "Kaka, iko siku utameza msumari, tukupasue kama kochi bovu." Hucheka kwa pua.

Sote tunamwita Baba Makochi. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado hajaanza shule, naye akamlea peke yake, humo humo karakana, mtoto akilala juu ya mabaki ya sponji. Sasa ni msichana wa sekondari. Ananiita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu, nami nampenda, lakini kumpenda mtoto yule ni kazi. Asubuhi atapita akimshika baba yake shingoni, anatangaza kwamba baba kama huyu hajazaliwa mwingine. Jioni baba amechelewa kidogo tu kurudi, anakuta sahani zimepasuliwa. "Hujawahi kunipenda! Unangoja nife upumzike!" Rafiki asipojibu ujumbe wake, dunia imekwisha. Na jua liwake vipi, yeye huvaa nguo za mikono mirefu. Siku nilipoiona sababu, makovu ya kujikata mwenyewe, nilijificha nyuma ya majora yangu nikalia.

Watu nao, mdomo haulipiwi kodi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," muuza viti vya plastiki alimwambia usoni. Nikamjibu mimi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengine walisema mashetani, wengine mapenzi, wengine dawa yake ni fimbo. Watu wakikosa la kufanya hugeuka madaktari.

Daktari mwenyewe, wa magonjwa ya akili, ambaye baba alimpeleka binti kwake, hakuwa na haraka. Alisema huenda ni ugonjwa wa hisia: mtoto yuko kama mtu aliyeungua, hata shuka linamuuma, na kinachomuuma kuliko vyote ni hofu ya kuachwa. Bado ni mdogo, tusikimbilie kumbandika jina. Aje kila wiki azungumze. Baba akauliza, na yeye afanye nini? "Usibishane na maumivu yake. Na usimwambie usichokimaanisha ili anyamaze tu." Baba Makochi alinirudia maneno hayo mara nyingi, kama mtu anayekariri njia ya mahali asipopajua.

Alijitahidi, tena sana. Alijifunza kukaa kimya anapotukanwa. Akitoka alisema anakokwenda. Mimi ningekuwa nimeshapiga mtu kofi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana kweupe, mteja amesimama na gari la kukodi akidai kochi lake. Simu ikalia. Binti alikuwa nyumbani, na sauti yake kwenye simu nikaisikia mpaka dukani kwangu, analia mpaka maneno yanakatika: wenzake wamemtoa kwenye kundi lao la simu, hakuna anayemtaka. Baba aliibana simu kwa bega, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Akasema, "Basi, mwanangu. Basi. Basi."

Wewe na mimi tunajua alichosema. Ndilo neno tunalomwambia mtoto aliyeanguka, huku tukimpangusa magoti. Lakini lilipita katikati ya misumari, likafika upande wa pili kavu, halina hata chembe ya ulaini. Na neno hilo hilo ndilo tunalomwambia mtu tuliyemalizana naye. Binti alilisikia hivyo: imetosha, umenishinda.

Simu ikakatika. Baba alipopiga, haikupokelewa. Alitema misumari yote sakafuni, akamwacha mteja na kochi lisilo na mgongo, akakimbia. Alimkuta chini, amemeza vidonge. Namshukuru Mungu nyumba haiko mbali.

Hospitali nilikwenda naye. Binti alipofumbua macho, la kwanza lilikuwa hilo. "Ulisema basi."

"Nilikuwa nakubembeleza, mwanangu."

"Ulisema basi, baba. Nilikusikia."

Baba alifungua mdomo kubisha, akaufunga. Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Umenichoka?"

Nilimkanyaga baba mguu aseme hapana. Mzazi gani asingesema hapana? Yeye akavuta pumzi. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka siku nyingi. Na kesho nitakuja."

Binti akageukia ukutani. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza. Mtoto katoka kwenye mdomo wa kaburi, unamwambia umechoka! Kuna ukweli wa kusema na kuna ukweli wa kumeza!

"Angejua namdanganya, dada," alisema. "Yule hapitwi na kitu." Nilikasirika, nikamwacha aende kwake bila hata kumuaga.

Kesho yake hakufungua karakana. Alirudi jua likizama, ameshika chupa ya chai. Niliitikisa, ilikuwa imejaa.

"Hakunywa?"

"Hakutaka kuniona. Nesi alinirudishia chupa mlangoni."

"Sasa siku nzima ulikuwa wapi?"

"Kwenye benchi, nje ya wodi."

Nilimsogezea kiti. Alikuwa amezeeka tangu jana, na hasira yangu yote ikaniishia.

"Hakusema chochote?"

"Kwangu, hapana." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ila kila baada ya muda alimtuma nesi achungulie kama bado nipo."