Neno Nililomsomea Baba

Harufu ya dizeli iliingia nyumbani kwetu Nyamira ndani ya koti la Baba, ikaushinda moshi wa jikoni na ndizi zilizokuwa zikiiva darini. Baba alikuwa dereva wa garimoshi la mvuke huko Kisumu, na mwanzoni mwa miaka ya sabini injini za mvuke zilikuwa zikiondolewa, za dizeli zikiingia. Aliyetaka kubaki kazini alipaswa kupita mtihani wa injini mpya, zile ambazo dizeli huzalisha umeme, nao umeme ukazungusha magurudumu. Alikuja likizo ya siku sita na kitabu cha Kiingereza, lugha asiyoijua. Mimi nilikuwa darasa la sita, nikiringia Kiingereza changu.

Siku zote sita tulikaa nyuma ya nyumba, nikisoma na kumweleza kwa Ekegusii, lugha yetu, yeye amefumba macho, vidole vikishika vyuma visivyokuwapo. Hata Jumamosi, Sabato yetu, tulisoma, Mama akitupita kwenda kanisani, Biblia kwapani. Ukurasa mmoja ulitaja injini iliyo "idle". Mwalimu alituita hivyo tulipozembea. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona aibu kusita.

"Injini ikiwa mvivu, Baba. Imeharibika, izimwe."

Akayarudia maneno yangu mara tatu.

Jumatatu, Baba keshaondoka, nilimuuliza mwalimu. Akacheka. "Ni injini inayonguruma bila kuvuta kitu, Kerubo. Haina ubaya wowote."

Mtihani ulikuwa Alhamisi, barua isingewahi. Wiki ile nilichuma chai kando ya Mama bila kumwambia.

Baba alirudi Jumapili. Akaketi bila kuvua kofia.

"Nimeanguka. Wamenipa nafasi moja tu tena."

Nikapiga magoti nikaungama. Mama akaacha kukoroga uji.

"Hilo waliniuliza," Baba alisema. "Lakini hata mengine niliyakosa. Lete kitabu. Na usilolijua, sema hulijui."

Mara ya pili alipita, akaziendesha injini zile hadi alipostaafu. Leo nazo zimestaafishwa. Niliziona Kisumu zimeegeshwa, nyasi zimefika kwenye ngazi za dereva. Mjukuu wangu akikwama kwenye neno huuliza simu, ikamjibu papo hapo. Namwonea wivu. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kumkabidhi riziki ya nyumba nzima, akamwambia: soma.