Kiti cha Dirishani, Chumba cha Manjano

Thrumley Hall ilijengwa na bwana mmoja mwenye mashamba mengi kuliko akili, akafa. Mwanawe akaongeza ubavu wa mashariki, akafa. Mjukuu akachimba ziwa, akatumbukia humo baada ya chakula cha usiku, na ukoo ukaishia hapo, miongoni mwa bata. Siku hizi nyumba ni mali ya shirika la hisani, na yeyote mwenye tiketi anaruhusiwa kuingia kutazama jinsi watu wengine walivyostarehe. Bustanini vichaka vimekatwa vikawa tausi. Tausi wa kweli waliuzwa zamani ili paa litengenezwe.

Glenys Hobday alikuwa mlinzi wa Chumba cha Manjano, huko ghorofani. Usimfikirie mtu wa rungu na filimbi. Walinzi wetu ni wajane na wastaafu wa kujitolea, watu wa sweta na beji, wanaokaa mlangoni ili pasiwe na mtu wa kugusa kitu. Alicholinda Glenys ni kitanda ambacho mfalme mmoja aliwahi kulalia huku akiharisha, pamoja na viti vya hariri visivyokaliwa. Juu ya kila kiti limewekwa tunda kavu la msonobari, maana yake usikae. Hakuna kibao, hakuna kamba. Mwingereza hahitaji kukatazwa. Mdokeze tu, atasimama mpaka miguu ivimbe.

Nyumbani kwake, kijumba kando ya barabara kuu, hapakuwa na mtu. Mumewe Ron alifariki majira ya baridi. Ron hakuwa msemaji, ila alikuwa akikohoa, na nyumba yenye mtu anayekohoa si tupu. Baada ya mazishi majirani walileta keki, wakasema, "Ukihitaji chochote, we sema tu," wakaondoka upesi kabla hajasema. Ndipo Glenys akajiandikisha Thrumley. Alitaka kukaa mahali wanapopita watu. Alidhani wanaopita huongea.

Maskini. Mgeni akiingia chumbani akamkuta mlinzi, hushtuka kama aliyefungua choo chenye mtu. Huweka mikono nyuma, huambaa na ukuta, huisifu dari.

"Karibuni," Glenys alikuwa akisema. "Mvua imekatika?"

"Imekatika, ndiyo."

"Afadhali."

"Afadhali kweli."

Na mazungumzo yakawa ndiyo hayo, wageni wameshakimbilia maktaba, alikolinda Dennis Puddifoot. Dennis alikuwa daktari wa meno mstaafu. Yeye hakupata shida, maana alishazoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu.

Mwaka ule tukaletewa meneja mpya, Tamsin Fairlie, aliyekuwa akiuza maji ya chupa. Alituita sote mgahawani, kule kulikokuwa zizi la farasi, akatuwekea skonzi na jemu, ishara ya hakika kwamba kuna baya linakuja.

"Wapendwa," alisema, "wageni wetu wanataka kuguswa."

"Na nani?" Dennis akauliza.

"Moyoni, Dennis."

Ikawa hivi: wageni wakitoka, wataulizwa kama waliongea na mlinzi. Chumba kitakachoonekana bubu kitawekewa sanduku msimu ukiisha. Unabonyeza kitufe, sauti ya mwigizaji iliyorekodiwa inakusemesha kama mama mwenye nyumba wa enzi hizo.

"Na mlinzi wake?" Glenys akauliza.

"Tutaendelea kumpenda," Tamsin akasema. "Ila akiwa kwake."

Sisi wa jikoni tuliiona skonzi ya Glenys ikirudi nzima na krimu yake juu. Hatukuuliza kitu. Tungeulizaje? Tulimwongezea chai.

Ukombozi uliletwa na mwanamke mnene wa mji wa Wolverhampton, mwenye viatu vipya. Aliingia akichechemea, akaliokota tunda la msonobari kwenye kiti cha dirishani, akalishika kama embe, akakaa. Glenys akaruka.

"Samahani sana, mpenzi, nasikitika mno, lakini hicho..."

"Yesu wangu! Samahani mimi!"

"Hapana, samahani mimi, ningekwambia mapema."

"Uniambie nini, shoga? Mimi ndiye nimejibwaga kama ng'ombe!"

"Naona ni viatu."

"Usinitajie viatu! Binti yangu ndiye kanidanganya, eti vitalegea. Vitalegea nikishazikwa!"

Viatu vikaleta vidole, vidole vikaleta mkwe, mkwe akaleta Australia alikompeleka binti. Mwanamke alipoondoka alimshika Glenys mkono kwa mikono miwili, na alipoulizwa kwenye mlango wa kutokea akasema hajapata kukutana na mtu mwema kama yule mama wa juu.

Glenys alibaki ameduwaa kama mtu aliyevumbua moto. Katika nchi hii huwezi kumsalimu usiyemjua, ila unaweza kumwomba radhi kutwa nzima. Kosa ndilo hodi yetu. Basi wape watu cha kukosea.

Asubuhi iliyofuata alilitoa lile tunda kitini, akalitia kwenye mkoba wake.

Walikaa! Alikaa hakimu mstaafu, wakakaa wachungaji, akakaa mama aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa viti vya kale. Kila mmoja aliinuliwa, akaomba radhi, akaombwa radhi, kisha akafunguka kama bomba bovu. Tamsin akapanda ghorofani kumkumbatia.

"Glenys, chumba chako kinaimba! Siri yako nini?"

"Ni kuwapokea watu tu."

Dennis alinuna. "Wakifika kwangu hawana tena la kusema. Unanimalizia wateja, wewe mwanamke."

Kwa hiyo chumba kilisalimika, au kilielekea kusalimika. Lakini jioni, akiwa peke yake kwenye kituo cha basi, Glenys aliligundua jambo. Alikwisha kujua vidonda vya tumbo vya nusu ya Uingereza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yeye anaumwa wapi. Waliacha mizigo yao pale kama kwenye stoo ya stesheni, wakaenda kunywa chai.

Kisha Alhamisi moja ya vuli, majani yanadondoka ziwani, akaingia mzee mwenye kofia ya sufu. Akakaa kitini moja kwa moja, akanyoosha mguu.

"Samahani sana, bwana, nasikitika mno, lakini..."

"Najua," mzee akasema, wala hakuinuka. "Nyumba hii ina viti vya kutosha harusi, na kila kimoja ila hiki kimewahiwa na tunda. Nyonga yangu ya chuma, bibie. Ukiniinua sasa hivi, utanibeba."

Glenys alingoja aombwe radhi. Hakuombwa.

"Unaitwa nani?" mzee akauliza.

"Limeandikwa hapa kwenye beji."

"Nimeliona. Nataka unitajie mwenyewe."

"Glenys."

"Mimi Clifford Yapp. Nilikuwa nachonga mawe ya makaburi. Hiki kitanda kibaya, Glenys."

"Kibaya sana," Glenys akasema, akashangaa kujisikia akicheka. Miezi mingi alikuwa akikisifu.

Clifford akawa mtu wa Alhamisi. Hakuwa na habari ya dari. Alisimulia majina aliyoyachonga kwa makosa, na jinsi wafiwa walivyoona haya kumwambia, wakaacha maiti alale chini ya jina la mwingine. Siku moja akamwuliza habari za Ron.

"Alikuwa akikohoa," Glenys akasema.

"Akikohoaje?"

Hapo, katikati ya Chumba cha Manjano, Glenys akakohoa kikohozi cha mumewe: mbili fupi, moja ndefu, na mguno kidogo mwishoni. Clifford alivua kofia akasikiliza. "Tena," akasema. Akakohoa tena.

Wageni wa Alhamisi walichungulia, wakaona watu wawili wanaongea, wakarudi nyuma kwa ncha za vidole. Kuingilia mazungumzo ya watu ni dhambi kuliko kuiba. Chumba kikaanza kuwa bubu kwenye maswali ya mlangoni, wakati ndani hakijapata kusema kiasi kile. Glenys aliona hatari, na kila Alhamisi alikusudia kumwinua Clifford. Kila Alhamisi alimsogezea mto.

Kiti ndicho kilichokata shauri. Karne mbili na ushei kilivumilia makalio ya mabwana wakubwa, lakini si ya mchonga mawe aliyegeuka upande kuchukua peremende mfukoni. Mguu mmoja wa kiti ukasema ka! na Clifford akawa sakafuni. Tamsin akaja mbio.

"Kosa langu," Clifford akasema akiwa chini. "Nilikaa pasipokaliwa."

"Tunda la msonobari liko wapi?"

"Nililiondoa."

"Ukaliweka wapi?"

Clifford akatazama huku, akatazama kule. "Nimelila."

Dennis, aliyekuwa amejaa mlangoni, akasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba kwa meno yale haiwezekani.

"Bwana Yapp," Tamsin akasema, "sina budi kukuomba usiingie tena humu ndani."

Glenys alikuwa na njia nyeupe mbele yake. Angefunga mdomo tu, chumba kingebaki chake. Akaufungua mkoba.

"Hajala kitu," akasema. "Hili hapa. Nililitoa mimi. Nimekuwa nalo muda wote huu."

"Kwa nini, Glenys?"

"Ili wakae."

"Wakae wafanye nini?"

"Wakosee," Glenys akasema. Ni jibu ambalo hakuna meneja aliyesomeshwa kulielewa.

Clifford aliinuka kwa kushika ukuta. Uso ulikuwa mwekundu, si kwa kuanguka. Alikuwa amemvunjia mwanamke kiti, na sasa kamvunjia na chumba. "Samahani, Glenys," akasema, mara yake ya kwanza kulitumia neno hilo mbele yake, akateremka ngazi moja moja. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anakaa wapi. Kumwuliza mtu anakaa wapi kunataka sababu, na sababu yao ilikuwa imelala sakafuni na mguu pembeni.

Sanduku likawekwa. Ukibonyeza, sauti tamu inakukaribisha chai ambayo haipo. Glenys, kwa huruma za Tamsin, akapewa koti la kung'aa akapelekwa maegesho kuongoza magari. Huko kila mgeni amefunga kioo.

Alhamisi ya pili, mvua ikinyesha, basi la vijijini lilisimama ng'ambo, penye kanisa. Akashuka mzee mwenye kofia ya sufu. Hakuvuka. Alisimama akiitazama nyumba, kama mtu aliyekuja kuhakikisha kaburi limesimama sawa. Glenys akainua mkono juu, juu kabisa.

Magari yote yakakata kushoto yakaingia uwanja wa matope.

Clifford, kwa mbali na mvuani, aliona mama wa maegesho tu, anaongoza magari. Akagusa kofia yake kwa adabu, kama unavyofanya kwa yeyote aliye kazini, akageuka. Glenys alipomaliza kulikwamua gari la kwanza, basi la kurudi lilikuwa limeshampakia.

Wiki iliyofuata hakuja. Glenys akalivua koti la kung'aa, akalitundika kwenye kibanda cha tiketi, akavuka barabara na kulipanda lile basi.

"Kuna mzee wa kofia ya sufu," akamwambia dereva. "Mwenye nyonga. Huwa anashukia wapi?"

"Unamtakia nini, mpenzi?"

"Sijui bado."

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Stoke Wenlow," akasema.

Stoke Wenlow ni barabara moja, kanisa, na nyumba zilizovuta mapazia mchana. Mtu wa kawaida hapo angetembea hadi mwisho wa kijiji, akajifanya anaangalia maua ya watu, akarudi kituoni. Glenys aligonga mlango wa kwanza.

"Hatununui," mama mmoja akasema nyuma ya mnyororo.

"Namtafuta Yapp."

"Yapp yupi? Hapa sote ni akina Yapp, hata walio makaburini."

Akagonga wa pili, akabwekewa na mbwa. Akagonga wa tatu, kijana akamwambia babu yake ni Yapp lakini hana nyonga ya chuma, ana kichwa cha chuma. Mvua ilikuwa imepita kwenye viatu. Kote alikogonga pazia liliendelea kutikisika nyuma yake, na kesho kijiji kizima kingekuwa na la kuongea.

Mlango uliofuata ulikuwa mwembamba, na mbele yake bapa la jiwe lisiloandikwa kitu. Akagonga. Kitu kikasogezwa ndani, polepole.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi," Glenys akasema. Kisha akakumbuka kwamba tangu Ron alipokufa hapajakuwa na mtu duniani ambaye jibu hilo linamtosha, akabaki amesimama mvuani, akingoja kuona kama litatosha.