Hongo ya Korongoni

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1957, Msafiri bin Abbasi, mwashi, alikata tiketi mbili za daraja la tatu katika stesheni ya Dodoma, yake na ya mkewe Mwanahawa, za kwenda Tabora siku ya Alhamisi.

Tiketi hizo alizionyesha mtaa mzima wa Korongoni, na alikuwa na sababu. Kila mwaka baada ya mavuno Msafiri alikuwa akitangaza kwamba anarudi kwao Uyui, karibu na Tabora, na kila mwaka mvua za kwanza zilimkuta yuko pale pale, juu ya ukuta wa mtu, mwiko mkononi. Watu walikuwa wameuzoea uagaji wake kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Safari hii kulikuwa na karatasi.

Korongoni iko magharibi ya reli, ng'ambo ya korongo lenye maji wiki chache za masika na mchanga mwaka mzima uliobaki. Zamani palikuwa na tembe moja tu, nyumba ndefu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, na ng'ombe wa mzee mmoja aliyeishi humo na mkewe Loisi na mtoto wao Matonya. Mtaa uliletwa na karanga. Serikali ilipoanzisha mradi wake wa karanga kule Kongwa, watu walimiminika kutoka kila upande kwenda kufyeka pori, na Msafiri akiwa mmoja wao, ingawa yeye hakufyeka. Aliwajengea Wazungu nyumba zenye majiko mazuri ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hayakupata kukaanga hata karanga moja ya mradi. Mwaka 1951 mradi ulikufa. Wengine walirudi makwao. Wengine waliona haya kurudi mikono mitupu, wakaja Dodoma na kile kilichokuwa kimevunwa Kongwa, yaani mabati na mbao za makasha ya matrekta.

Kwa mbao hizo waliujenga mtaa. Mpaka leo ukipita Korongoni unaweza kusoma kuta. Nyumba ya Msafiri ilikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza yanayosema upande huu uwe juu, na mwenyewe alikuwa ameupigilia chini. Mwalimu wa shule alipomfasiria, Msafiri alijibu kwamba makasha hayo yalikaa wima miaka minne na hayakuwasaidia wenyewe kitu.

Kiwanja walikipata kwa njia ya kofia. Yule mzee wa tembe, alipoona kundi la watu na mabati limesimama karibu na zizi lake, aliuliza kila mmoja ni mtu wa wapi. Mmoja alisema Mrangi wa Kondoa, mwingine Mnyaturu. Msafiri aliposema Mnyamwezi, mzee alinyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa yeye. Msafiri aliingia ndani ya tembe, akatoka na kigoda cha mzee, akakikalia. Mke wa mzee, Bi Loisi, alicheka mpaka akashika ukuta, na mazungumzo ya kiwanja yakaisha hapo.

Huo ndio utani. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu zamani za misafara, Wanyamwezi walipopita nchi hii na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na Wagogo wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila kisima. Walipigana, wakachoka, wakabaki kutukanana kwa heshima. Mtani huweza kukuambia lolote na kukuchukulia chochote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Matonya alipenda kusema kwamba Mnyamwezi hata akienda chooni lazima abebe kitu kichwani. Msafiri alipenda kusema kwamba Wagogo wametoboa masikio makubwa hivyo ili mawaidha yapate pa kutokea.

Lakini kazi yenyewe ya mtani iko msibani. Yule mzee alipofariki, Matonya alikaa siku mbili kama jiwe, hali, hasemi. Siku ya maziko Msafiri aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akatangaza kwamba shimo ni zuri, halina kunguni, na hatoki mpaka apewe beberu. Alipotolewa, alitembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa marehemu, mguu mmoja ukivutwa kidogo, mkono nyuma, akiwauliza watu tumbaku yake iko wapi. Mwalimu wa kanisa aliangalia pembeni. Matonya alicheka, na katika kucheka kule machozi yakapata njia. Usiku huo alikula.

Toka siku ile Bi Loisi alikuwa amekwisha kumwajiri kwa ajili ya maziko yake mwenyewe. Kila wakikutana alimkumbusha kwamba zamu yake inakuja, na kwamba hataki mtani wa kuazima.

Kilichomtia Msafiri safarini kwa kweli hakikuwa na mzaha. Kaka yake alimtumia salamu kwa mtu wa treni kwamba shamba la baba yao bado lina sehemu yake, na kwamba Msafiri mwenyewe amekwisha kuzeeka, aje azikwe kwao. Msafiri alikuwa amejenga nusu ya nyumba za Korongoni, lakini nyumba si kaburi. Aliogopa kulala milele katika nchi aliyoipita tu. Kwa hiyo alimwachia Gulamrasul, mwenye duka la misumari na mafuta ya taa, kazi ya kumtafutia nyumba mnunuzi. Mwanahawa, ambaye ni Mrangi na kwake Uyui ni ugeni kama Bombay, alifunga mizigo bila kulalamika. Kuku wake tu hakuwauza. Alisema amewaweka kwa mke wa Matonya.

Jumatano Msafiri alivaa kanzu, akazunguka kuaga. Mwislamu anayekwenda safari isiyo na marejeo huwaomba majirani radhi, nao humsamehe, mambo yakawa safi. Kwa Gulamrasul aliomba radhi akapewa na kahawa. Kwa Warangi, wenzake na Mwanahawa, aliombewa dua. Moyo ukawa mwepesi, na kwa wepesi huo huo akaingia tembeni kwa Matonya, akakaa kwa adabu, akashusha sauti.

"Nimewatania sana," alisema. "Nimewaambia maneno mabaya, wewe na wazee wako. Kama niliwakosea, nawaomba radhi."

Hakuna aliyejibu. Matonya alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake akiongea. Bi Loisi, aliyekuwa akipepeta uwele, aliuweka ungo chini. Msafiri aliudhani ukimya ule ni huzuni, akaondoka ameridhika na nafsi yake.

Alikuwa ametenda kosa ambalo Mnyamwezi aliyebaki Uyui asingelitenda hata usingizini. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umesema kwamba yale maneno yalikuwa matusi kweli, kwamba miaka yote ile ulimaanisha. Wagogo wa Korongoni walikaa jioni ile wakijiuliza kama masikio yao yalikuwa yakichekwa au yakidharauliwa.

Alhamisi mchana mkokoteni wa punda wenye mizigo ulipofika kwenye mchanga wa korongo, ulikuta gogo limelazwa njiani. Nyuma yake alikuwa amekaa Matonya, fimbo magotini, na wazee wengine.

"Mbukwa, mpagazi," Matonya alimwamkia kwa Kigogo. "Mnyamwezi hapiti Ugogo bila hongo."

Msafiri alicheka, kwa kuwa ndivyo ilivyopasa, akasema babu zake walilipa ya kutosha, na maji yenyewe yalikuwa na chumvi. Akawatolea kitenge. Wakakipokea, wakakikunja vizuri, wakakaa. Akawapa jembe, wakalipokea pia. Akaahidi beberu, wakasema beberu wanaye. Wakati huo mzee mmoja alikuwa amekwisha kushusha godoro kutoka mkokotenini na kulilalia. Mwanahawa aliketi juu ya sanduku lake, akafungua vitumbua alivyofunga kwa ajili ya treni, akaanza kuwagawia.

Treni ilikuwa ya saa tisa. Msafiri alitazama jua, kisha akafanya kosa la pili.

"Niacheni, jamani," alisema, na sauti ilipanda. "Mimi nina safari ya kweli."

"Amekasirika," alisema Matonya kwa utulivu, akiwageukia wenzake. "Mmemsikia wenyewe. Jana radhi, leo hasira. Huyu tumtoze mara mbili."

Ndipo Bi Loisi alipoteremka korongoni, polepole, akishikilia fimbo. Msafiri alimwamkia shikamoo, naye hakuiitikia.

"Hongo naitaja mimi," alisema. "Utakwenda ukishanizika."

Wazee waliguna kwa kuridhika. Msafiri alimtazama bibi yule kuanzia miguuni. Alikuwa amesimama wima kwenye mchanga uliomchosha punda.

"Mama, wewe huna hata mafua."

"Sina. Kwa hiyo shusha mizigo."

"Na mimi je? Nikitangulia mimi?"

Alikuwa ameuliza kwa mzaha, lakini swali lilipokwisha kutoka akaliona limesimama peke yake. Bi Loisi naye aliliona, akaacha mchezo.

"Ukitangulia, Matonya atalala shimoni mwako na kukudai beberu. Kisha atatembea kama wewe. Mwonyeshe, Matonya."

Matonya aliinuka, akaweka kichwani kitu kisichoonekana, akakishika kwa mkono wa kulia, na kwenda hatua chache juu ya mchanga kifua mbele, kitako nyuma, akisimama kila mara kugeuka na kukagua ukuta ambao haukuwapo, jicho moja limefumbwa. Wazee walipiga magoti yao. Mwanahawa alifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakimtetemeka. Yeye ndiye aliyejua zaidi ya wote jinsi mwendo ule ulivyokuwa sawa na wa mumewe.

Msafiri hakucheka mara moja. Alikuwa akimfikiria kaka yake. Kaka yake alikuwa hajamwona akitembea tangu kabla ya karanga. Angemzika kwa heshima, kwenye udongo wa baba yao, na watani wa kule wangekuja wakauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na asingepatikana wa kuwaonyesha.

Filimbi ya treni ilisikika kutoka upande wa mji. Hakuna aliyegeuka.

"Jicho ni la kushoto," Msafiri alimwambia Matonya. "Wewe umefumba la kulia. Kwa masikio hayo ningedhani hata macho unayo ya kutosha."

Matonya alirudia mwendo, akafumba la kushoto. Yule mzee aliinuka kwenye godoro, wakasaidiana kugeuza mkokoteni. Kitenge na jembe havikurudishwa, kwa maana hongo ni hongo.

Jumamosi Msafiri alikwenda dukani kwa Gulamrasul kumwambia aache kutafuta mnunuzi, akanunua misumari. Kaka yake ametumiwa salamu kwa mtu yule yule wa treni kwamba sehemu ile ya shamba apewe mpwa wao. Wiki ijayo Msafiri anaanza kujenga chumba cha pili upande wa zizi la Matonya, na safari hii ni cha matofali.