Kituko cha Kisondela

Kabla hajawa mtu wa redioni, Esnath Mwakalinga aliuza magazeti karibu na stendi ya Tukuyu. Magazeti yalifika na basi kutoka Mbeya, mara nyingi yamechelewa, mara nyingine yamelowa kingo, naye aliyatandaza mezani na kuyagandamiza kwa mawe. Wengi waliosimama pale hawakununua. Walifunga mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele, wakabishana, wakaenda zao. Mwanzoni Esnath aliwavumilia. Baadaye akaanza kuwaingilia.

"Bei ya mbolea yashuka," mtu angesoma kwa sauti.

"Imeshuka wapi?" Esnath angeuliza. "Wewe uliinunua lini ikiwa imeshuka?"

Mjadala ungeanzia hapo. Aliwachambulia bajeti na mechi za Simba na Yanga bila kusema yeye anashabikia timu gani, jambo lililowakera wanaume kuliko kama angewatukana. Wazee wakimkumbusha enzi za Tukuyu Stars, aliwauliza kwa nini timu iliyowahi kutwaa ubingwa wa nchi imebaki kuwa hadithi ya kijiweni. Watu wakazoea kuja mezani kwake kumsikiliza yeye, magazeti yakawa kisingizio tu.

Mmoja wa waliosimama pale alikuwa Venance, mkurugenzi wa redio ndogo yenye studio yake juu ya duka la vifaa vya ujenzi, eneo la Makandana. Siku moja akamwambia, "Dada Esnath, haya unayoyasema hapa, njoo uyaseme kwenye kipaza sauti." Ndivyo alivyopata kipindi cha asubuhi. Kilikuwa na sehemu tatu: siasa, michezo na vituko. Mwenzake alikuwa Prosper, kijana wa Mbeya mwenye maneno ya mjini, aliyeshughulika pia na mitambo. Wachuma chai walimsikiliza Esnath shambani kwa simu zilizotundikwa shingoni, na mama zake wadogo wa Mpuguso walimsifia kwamba Kiswahili chake kinaeleweka kwa sababu kina Kinyakyusa ndani yake.

Miaka ikapita vizuri. Kisha ukaja mwaka wa uchaguzi.

Venance alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo upole wake ulimtia Esnath wasiwasi.

"Siasa tusome vichwa vya habari tu," alisema. "Tusichambue."

"Nisome kichwa halafu ninyamaze?"

"Usome cha pili."

"Na msikilizaji akipiga simu kuuliza?"

"Simu tutazifunga kwenye sehemu hiyo. Nimepigiwa, dada Esnath. Usiniulize na nani."

Akawa anasoma kama mtoto anayesoma ubaoni. Kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu, wimbo. Akishuka ngazi baada ya kipindi, aliyasema peke yake maneno aliyoyameza hewani. Alijiambia bado kuna michezo.

Michezo nayo haikuchukua muda. Mgombea mmoja wa udiwani wa Kisondela alianzisha mashindano ya kombe, zawadi ikiwa mbuzi na jezi, na fainali ikachezwa Mpuguso. Esnath alikwenda mwenyewe kutazama. Wachezaji walikaa kwenye nyasi muda mrefu wakimsubiri mgeni rasmi, ambaye ndiye mgombea. Alipofika, ukungu nao ulikuwa umefika. Kipindi cha pili hakuna aliyeona goli la upande wa pili. Mwamuzi alipuliza filimbi kwa kusikia kelele, penalti ikapigwa, na mpaka watu wanatawanyika hakuna aliyejua kama mpira uliingia. Timu iliyokuwa karibu na gari la mgombea ndiyo iliyopewa mbuzi.

Kesho yake Esnath alilieleza hilo hewani kama lilivyokuwa, na mwisho akasema, "Mgeni rasmi anasubiriwa na watu. Ukungu haumsubiri mtu." Simu zilimiminika. Watu walicheka, wakaeleza na ya kwao. Jioni Venance akamwita tena.

"Ile haikuwa michezo," alisema.

"Kulikuwa na mpira, filimbi na mbuzi. Ni nini basi?"

"Dada Esnath, nakuomba. Kuanzia kesho michezo anasoma Prosper. Wewe baki na vituko. Watu wanavipenda vituko, na vituko havina mwenyewe."

Basi akabaki na vituko. Mbuzi aliyekula shela la bibi harusi. Mwizi aliyelala usingizi kwenye nyumba alimokuja kuiba. Bwana mmoja aliyefungua kesi dhidi ya jogoo wa jirani. Prosper aliweka mlio wa kuku na vicheko vya kwenye kompyuta baada ya kila habari. Wasikilizaji wakaongezeka, Venance akafurahi. Esnath alirudi nyumbani akigombana na masufuria. Watu wakimsimamisha njiani kumwambia jinsi walivyocheka asubuhi, alitabasamu kwa meno tu. Walikuwa wakimkumbuka kwa jogoo, naye alikuwa na mambo ya kusema.

Asubuhi moja ya mvua, Prosper alikuja na habari aliyoiokota kwenye simu, ukurasa fulani wa mtandaoni. Hakumwonyesha mapema. Zamu ya vituko ilipofika akaisoma mwenyewe, sauti yake ikiwa imeshajaa kicheko.

"Hii ya leo ni ya hapahapa kwetu, wanangu! Mama mmoja wa Kisondela kajifungulia kwenye matope, dereva wa bodaboda ndiye kampokea mtoto! Sasa watu wanauliza, mtoto apewe jina la pikipiki gani, Toyo ama Boksa?"

Mlio wa kuku ukapigwa. Esnath hakucheka. Alitaka kuuliza ni sehemu gani ya Kisondela, lakini taa ya simu ilikuwa inawaka, na Prosper, akidhani ni mtu wa kuchangia majina, akaipokea hewani.

"Haloo, tunakusikia, nani mwenzetu?"

"Mimi naitwa Lilian." Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, nzito, yenye lafudhi ya nyumbani. "Mimi ndiye bibi wa huyo mtoto."

Prosper alinyoosha mkono kukata. Esnath akaushika mkono ule, akauweka chini juu ya meza.

"Mugonile, mama," Esnath alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Unatupigia ukiwa wapi?"

"Niko hospitali, nje ya wodi. Mlinzi hapa ana redio. Watu wanacheka, na mkwe wangu yuko ndani anaongezewa damu."

Prosper alizima vicheko vya kompyuta kana kwamba vingeweza kujiwasha vyenyewe.

"Tueleze, mama. Ilikuwaje?"

Lilian akaeleza. Uchungu ulimshika Tulia, mkwewe, alfajiri ya jana yake. Walimwita Geresoni, dereva wa bodaboda wa pale kijijini. Walifika kwenye mto wakakuta magogo ya daraja yamechukuliwa na maji ya usiku. Ng'ambo waliliona gari la wagonjwa limesimama, dereva wake anapunga mikono, hawezi kuja. Walijaribu njia ya kuzunguka kwenye migomba, pikipiki ikazama. Tulia akajifungulia pale, Geresoni akavua koti lake la mvua likatandikwa chini. Mtoto akalia. Tulia akaendelea kutoka damu. Wanaume wa kijiji waliosikia kelele wakambeba wakavuka naye maji yakiwa kifuani.

"Geresoni si mkunga," alisema Lilian. "Alikuwa anatetemeka kuliko mkwe wangu. Hakuna aliyecheka pale."

"Daraja hilo mmelisema kwa wahusika?"

"Ah! Kila mwaka wanakuja kulipima. Wameupima ule mto mpaka na mto umewazoea. Uchaguzi uliopita walisema tukipiga kura litajengwa. Tukapiga. Juzi wamekuja tena, wamesema tupige kura litaj..."

Kwaya ikaingia. Esnath aligeuka akamwona Venance amesimama nyuma yao, kidole chake bado kiko kwenye mtambo, maji ya mvua yakimchuruzika usoni. Alikuwa amekimbia kutoka nyumbani.

"Umeniua," alisema Venance.

"Nilikuwa nasoma vituko," alisema Esnath. "Ulivyoniambia."

"Toka, dada Esnath. Kapumzike mpaka uchaguzi uishe."

Hakubishana. Alichukua mwavuli wake akashuka. Nje, kutoka kila duka la Makandana, kwaya ileile ilikuwa ikiimba.

Mchana alipika uji, akachukua na ndizi, akaenda hospitali. Hakuwa na shida ya kumtambua Lilian: mama mrefu, kanga imekauka na matope hadi magotini, amekaa kwenye benchi kama mtu asiyetaka kuegemea kitu. Esnath alipomsalimu, Lilian aliitambua sauti kabla ya uso.

"Wewe ndiye wa redioni."

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mlitucheka."

"Ndiyo. Tulicheka."

Lilian akapokea uji. Walikaa. Mtoto alikuwa mzima, wa kike, amefungwa kwenye shuka la hospitali. Tulia alikuwa amelala, midomo imepauka, lakini daktari alikuwa amesema atapona. Baada ya kunywa, Lilian aliuliza, "Kesho utayamalizia yale waliyonikatiza?"

Hilo ndilo swali ambalo Esnath aliliogopa njia nzima. "Kesho sipo. Wameniondoa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uchaguzi uishe."

"Uchaguzi ukiisha nani atatusikiliza?" Lilian aligeukia pembeni. "Basi na wewe huna kitu."

Maneno hayo Esnath alienda nayo nyumbani. Yalimuuma zaidi ya kuondolewa redioni, kwa kuwa hakuweza kuyapinga.

Wiki ile malori yalimwaga mawe kando ya mto. Mgombea yule wa kombe la mbuzi alipigwa picha amesimama juu ya mawe, Prosper akalisoma hilo kwenye siasa, kichwa cha habari tu, bila kuchambua. Esnath alisikia akiwa anapalilia bustani yake, akalirusha jembe mbali, kisha akalazimika kulifuata. Mawe yalibaki vilevile. Nyasi zikaota katikati yake. Wanakijiji wakakata mikaratusi, wakalaza magogo mapya, kama walivyofanya mvua zilizopita.

Uchaguzi ukaja na kupita. Mgombea yule akawa diwani. Venance akapiga simu, sauti yake ya upole imerudi. Wasikilizaji wanamwulizia, alisema. Arudi, achambue michezo, ila mpira wa Ulaya tu.

"Nimchambulie mchuma chai mpira wa Ulaya, halafu wa Mpuguso ninyamaze?"

"Ulaya hawapigi simu, dada Esnath."

"Kaka Venance, ukikubali simu za wasikilizaji ziachwe wazi mpaka mtu amalize sentensi yake, nitarudi hata kusoma hali ya hewa."

Venance akasema ana wageni ofisini, na simu ikakatika. Esnath alirudi bustanini kupalilia. Alikuwa anaipenda kazi ile kuliko alivyopenda kitu kingine chochote alichowahi kufanya, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba amefanya vizuri kuikataa.

Aliposikia diwani mpya atafanya mkutano wa kushukuru Kisondela, alipanda bodaboda ya Geresoni akaenda. Watu walikuwa wengi, mvua ikatishia, spika zikapiga mluzi. Diwani alishukuru sana. Muda wa maswali ulipofika, Esnath alinyoosha mkono kabla ya wote.

"Lile daraja..."

"Samahani, mama," mwenyekiti wa mkutano alimkatiza. "Wewe ni mkazi wa hapa?"

"Naishi Makandana."

"Basi wapishe wenyeji waulize."

Esnath alikaa, uso unamchoma. Ndipo Lilian akainuka upande wa wanawake, mjukuu amefungwa mgongoni.

"Mimi ni mwenyeji," alisema. "Nauliza hilohilo."

"Tutatuma wataalamu waje kupima," alijibu diwani.

Kelele ilitoka kwa wanawake, si kicheko wala kuzomea, ilikuwa kama pumzi ya watu waliobanwa. Akainuka mwingine, "Na mimi nauliza hilohilo." Akainuka Tulia, bado amekonda, akasema maneno yaleyale. Geresoni akasema. Mwenyekiti alijaribu kuita swali jingine. Kila aliyepewa nafasi aliuliza la daraja. Diwani alikunja karatasi zake, akazikunjua, akasema kwa sauti isiyo ya mkutano kwamba atatafuta makalavati, yale mabomba makubwa ya zege ya kupitisha maji chini ya njia, kabla ya mvua kubwa. Walimfanya alirudie mbele ya kipaza sauti. Akalirudia.

Makalavati yalikuja kweli, yamechelewa, mvua ikiwa imeshaanza. Lilikuja moja likafukiwa, na la pili likashushwa pembeni, kwenye majani, kusubiri fundi ambaye hajaonekana hadi leo. Kwa hiyo njia ni nyembamba. Pikipiki inapita, ng'ombe anapita, mama mwenye mzigo wa ndizi kichwani anapita. Gari la wagonjwa bado linaishia ng'ambo.

Esnath alikwenda kuliona na Lilian, wakasimama juu ya zege jipya huku maji yakinguruma chini yao.

"Nusu," alisema Esnath. Hasira yake haikuwa imepoa hata kidogo. "Wametupa nusu, na watakuja kuipigia picha."

"Wapige," alisema Lilian, akimpandisha mjukuu vizuri mgongoni. "Sisi tunakwenda kuuliza ile nyingine. Wewe si mwenyeji, utakaa nyuma. Lakini njoo."

"Lini?"

"Jumanne. Kuna mkutano wa kijiji. Fika mapema, mabenchi huwa machache."